Trekta Likizima Shambani, Tufuate Njia ya Mafuta

(Mazungumzo yaliyotolewa kwa wahitimu wa kisomo na wanachama wa kikundi cha trekta)



Leo tunazungumza juu ya trekta la dizeli linalokataa kuwaka, au linalowaka kisha likazima katikati ya shamba. Vikundi vingi vya wakulima vina trekta moja la zamani lililonunuliwa kwa kuchangishana, na ugonjwa unaoyasumbua sana matrekta haya ni ugonjwa wa mafuta. Injini ni nzima, betri ni nzima, dereva hana kosa, lakini mafuta hayafiki yanapotakiwa kufika. Na trekta halichagui siku. Huzima wakati mvua za kwanza zimekwisha kunyesha na watu wamejiandikisha foleni ya kulimiwa. Siku 10 zikipita trekta limelala, watu hupanda kwa kuchelewa, na miezi ya njaa haisikilizi habari za pampu.

Baadhi yenu mtauliza: walimu wa elimu ya watu wazima wanajua nini juu ya injini? Ni kweli, sisi si mafundi, na hatukuja kumnyang'anya fundi kazi yake. Lakini kutafuta ubaya wa trekta ni kazi ya kusoma. Unaona dalili, unaiandika, unajiuliza swali, unajaribu jambo moja, kisha unaandika jibu. Katika kampeni ya kisomo ya miaka ya 1970 watu walijifunza kusoma kwa vitabu vya pamba, mahindi na ng'ombe. Walisoma kazi zao wenyewe. Basi na sisi leo tusome trekta.

NJIA YA MAFUTA

Injini ya dizeli haina plagi za kupiga cheche kama injini ya petroli. Mjerumani Rudolf Diesel, ambaye jina lake ndilo tunaloliita mafuta haya, aliifanyia injini yake majaribio katika mji wa Augsburg, na mwaka 1897 ikafanya kazi vizuri. Wazo lake lilikuwa hili: hewa ikibanwa kwa nguvu nyingi, hupata moto. Nyote mmewahi kujaza upepo baiskeli, mkaona jinsi pampu inavyopata joto mkononi. Ndani ya silinda ya trekta hewa hubanwa mpaka ikabaki na nafasi ya sehemu 1 kwa 16 hivi ya ile ya mwanzo, na joto lake hupita digrii 500. Hapo mafuta yakirushwa ndani kama ukungu, yanawaka yenyewe bila kiberiti.

Kwa hiyo dizeli inataka mambo mawili tu: hewa safi iliyobanwa vizuri, na mafuta safi yanayofika kwa wakati na kwa nguvu. Leo tunashughulika na hilo la pili.

Tuyafuate mafuta kama mtu anavyofuata mfereji wa maji kutoka mtoni mpaka shambani. Yanaanzia kwenye tangi. Yanapita koki, na katika matrekta mengi yanapita kikombe kidogo ambamo maji na uchafu hutuama. Yanafika kwenye pampu ndogo, ile yenye kimkono cha kupiga kwa kidole. Kazi yake ni kuvuta mafuta kutoka tangini na kuyapeleka kwenye filta. Kutoka filta yanaingia kwenye pampu kubwa, ambayo mafundi huiita pampu ya nozeli. Pampu hii huyagawa mafuta kwa zamu, silinda moja baada ya nyingine, kupitia vibomba vyembamba vya chuma. Mwisho wa kila kibomba kuna nozeli, na nozeli ndiyo inayorusha ule ukungu. Mafuta yanayozidi hurudi kwa kibomba cha marejeo.

Shikeni jambo hili: kutoka tangini mpaka kwenye filta mafuta yanatembea polepole, kwa nguvu ndogo. Kutoka pampu kubwa mpaka kwenye nozeli yanasukumwa kwa nguvu kali. Hata katika injini za zamani nguvu hiyo ni kama mara 80 ya upepo wa tairi la gari dogo, au zaidi. Upande wa kwanza mwanakikundi anaweza kuushughulikia mwenyewe kwa spana na kitambaa safi. Upande wa pili tunauheshimu.

TAZAMA MOSHI KABLA YA KUSHIKA SPANA

Tumeona tabia moja mbaya. Trekta likikataa kuwaka, kila mtu anakuwa fundi. Huyu anafungua huku, yule anafungua kule, wa tatu amebana stata mpaka betri imekufa. Sasa mna magonjwa mawili badala ya moja, na mchanga umeingia kwenye vibomba. Bana stata kwa sekunde 15, kisha iache ipumzike dakika 1. Na wakati stata inazunguka, mtu mmoja asimame pembeni atazame bomba la moshi.

Kama hakuna moshi wowote unaotoka, mafuta hayafiki kwenye silinda. Hapo ndipo mazungumzo ya leo yanapohusika.

Kama unatoka moshi mweupe wenye harufu ya dizeli, mafuta yanafika lakini hayawaki. Huenda ni baridi ya asubuhi, kama ile ya Njombe mwezi wa Juni. Huenda betri ni dhaifu na injini inazunguka polepole mno, au silinda zimechakaa na hazibani hewa sawasawa. Usihangaike na tangi hapo.

Moshi mweusi trekta likiwa kazini maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa. Tazama kwanza chujio la hewa, maana vumbi la kulimia huliziba upesi kuliko watu wanavyodhani. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Hayo yote tunayapita, tutayazungumza siku nyingine.

Basi, hakuna moshi. Usianze na pampu. Anza na mambo ambayo watu huona haya kuyaangalia kwa kuwa ni madogo. Je, mafuta yamo? Usiamini mshale wa geji. Chovya kijiti safi tangini. Je, koki imefunguliwa? Je, kamba ya kuzimia injini imerudi mahali pake? Kamba hiyo ikishika kutu hubaki imevutwa, na pampu kubwa inakuwa imefungwa mlango. Matrekta mengine hayana kamba, yana swichi ya umeme juu ya pampu kubwa. Waya wake ukichomoka, injini inazima papo hapo kama taa.

UPEPO NDANI YA MAFUTA

Sasa tunafika kwenye adui mkubwa. Mafundi wetu husema trekta "limeshika upepo". Mafuta hayabaniki kirahisi, kwa hiyo pampu ikiyasukuma yanasogea mara moja na kufungua nozeli. Lakini upepo unabanika. Pampu ikiusukuma, upepo unajikunja tu kama sponji, na nozeli haifunguki. Povu kidogo tu linatosha kuinyamazisha injini ya nguvu za farasi 50.

Upepo huingia tangi likikauka, au filta ikibadilishwa, au mpira ukipasuka, au klipu ikilegea. Kuutoa si uchawi. Kwanza futa vumbi lote kuzunguka filta na pampu. Hakikisha mafuta yamo, koki iko wazi, na kamba ya kuzimia imerudi ndani. Kisha legeza skrubu ya kutolea upepo iliyo juu ya filta. Ilegeze tu, usiitoe. Piga kile kimkono cha pampu ndogo. Kama kimkono kinakwenda bure bila kuvuta, usiseme pampu imekufa. Zungusha injini kidogo ujaribu tena, kwa sababu pengine injini imesimama mahali ambapo inaishikilia pampu hiyo. Yatatoka mafuta yenye povu kama maji ya sabuni. Endelea kupiga mpaka yatoke bila povu hata moja, na ukaze skrubu wakati mafuta bado yanatoka. Halafu fanya vivyo hivyo kwenye skrubu ya pampu kubwa. Nyingine zina skrubu mbili, anza na ya chini. Mwisho legeza kidogo nati za vibomba kwenye nozeli mbili, vuta mafuta mpaka mwisho, na mwenzako abane stata. Mafuta yakianza kutoka hapo, kaza nati, uwashe.

Tunaomba mtusikilize vizuri katika mambo mawili ya hatari. La kwanza: usiweke kidole wala kiganja mbele ya kibomba au nozeli inayorusha mafuta. Uzi mwembamba wa dizeli unaotoka kwa nguvu ile hupenya ngozi kama sindano. Kidonda huonekana kidogo, kama cha mwiba, na hakiumi sana saa za kwanza, lakini ndani nyama inaharibika. Watu wamekatwa vidole na hata mikono kwa jambo hili. Ikitokea, nenda hospitali siku ileile na useme wazi kwamba ni dizeli iliyoingia kwa nguvu, hata kama mkono bado hauumi. Ukitaka kujua kama kibomba kinavuja, pitisha kipande cha boksi karibu yake, kisha tazama boksi likilowa.

La pili: hayo ya kulegeza nati ni ya injini za zamani tu. Magari ya dizeli ya siku hizi, yale yenye kompyuta, yana nguvu ya mafuta inayopita mara 500 ya upepo wa tairi. Huko usilegeze nati yoyote ya nozeli, hata kama jirani anasema ameona wengine wakifanya.

Sasa, umetoa upepo, trekta limewaka, umefurahi. Kesho yake asubuhi limekataa tena. Hapo ujue kwamba kutoa upepo ni huduma ya kwanza tu, wala si dawa. Kuna tundu mahali. Katika lori, tangi liko chini kuliko pampu, kwa hiyo mpira wenye ufa hauchuruziki mafuta, bali unanyonya upepo kimya kimya, na usiku mafuta yanarudi tangini. Katika trekta lenye tangi juu ya injini, ufa uleule utachuruzika tangi likijaa, na utanyonya upepo mafuta yakipungua. Ndiyo maana mwingine atakuambia, "Trekta letu halitaki nusu tangi." Mara nyingi ana mpira mbovu, au washa ya kopa iliyotumika mara nyingi mpaka haishiki tena.

Njia nzuri ya kuona ni kuweka kipande cha mpira mweupe unaopenya mwanga kabla ya filta, kwa muda wa kupima tu. Mapovu yakipita, utayaona kwa macho yako. Njia nyingine ni kuning'iniza kidumu safi chenye dizeli safi juu ya injini, na kuunganisha mpira wake moja kwa moja kwenye mdomo wa kuingilia filta. Trekta likifanya kazi vizuri kwa kidumu hicho, basi filta, pampu kubwa na nozeli hazina kosa. Ubaya uko kati ya tangi na pampu ndogo. Kwa kidumu na mpira tu umekwisha kujua nusu ya njia ambayo huna haja ya kuihangaikia.

KIFUNIKO CHA TANGI

Tuwape mfano mmoja. Kikundi kimoja kilikuwa na trekta lililokuwa likiwaka vizuri kila asubuhi, likalima karibu eka 1, kisha linapoteza nguvu, linakohoa na kuzima. Likipumzika linawaka tena. Aliitwa fundi kutoka mjini. Akapiga kimkono mara mbili tatu, akasema pampu ya nozeli imekwisha, aifungue aende nayo. Bei aliyoitaja ilikuwa ya kuuza ng'ombe, na si mmoja.

Katibu wa kikundi hicho alikuwa mama mmoja aliyehitimu kisomo, naye alikuwa na daftari la trekta. Kila siku aliandika saa ya kuwasha, eka zilizolimwa, lita zilizotiwa na saa ya kuzima. Akamwomba fundi asubiri. Akawasomea wenzake kurasa za wiki mbili: trekta lilikuwa linazima baada ya muda uleule hivi, siku za joto na siku za ubaridi. Mzee mmoja akauliza, pampu iliyokufa inafufukaje baada ya kupumzika robo saa? Hilo ni swali la maana sana. Wakarudisha kurasa nyuma kutafuta siku ugonjwa ulipoanza. Ilikuwa siku moja baada ya kifuniko cha tangi kupotea porini. Dereva alikuwa ameziba mdomo wa tangi kwa nailoni, akaikaza kwa mpira wa baiskeli, vumbi lisiingie.

Kifuniko cha kweli kina kitundu cha kuingizia hewa. Mafuta yakitoka tangini, hewa lazima iingie kushika nafasi yake. Ukiziba, tangi linakuwa kama chupa ya soda unayoinyonya kwa mdomo: unafika wakati hakitoki kitu. Likipumzika, hewa inapenya polepole, na trekta linawaka tena. Basi, siku ya pili lilipozima walifungua ile nailoni, wakasikia tangi likivuta pumzi, "fyuuu". Wakanunua kifuniko. Pampu ya nozeli haikufunguliwa.

Hatusemi fundi yule alikuwa mwizi. Pengine hakuambiwa habari ya kifuniko. Lakini tunasema hivi: fundi anayetaka kufungua pampu kubwa kabla ya kuangalia kifuniko, koki, mipira na filta, mwombe akueleze amejuaje. Fundi mzuri hakasiriki kwa swali hilo.

MAJI, UCHAFU NA MAFUTA YA TAA

Pampu kubwa haina oili yake ya kutosha kulainisha vyuma vyote vya ndani. Katika matrekta mengi dizeli yenyewe ndiyo inayovilainisha. Kwa hiyo mafuta mabaya hayazimi injini tu, bali yanaila pampu. Maji hushikisha kutu. Mchanga hukwaruza. Na mafuta ya taa ni mepesi, hayalainishi vizuri kama dizeli. Mnakumbuka jinsi neno "uchakachuaji" lilivyoenea. Mafuta ya taa yalikuwa ya bei nafuu, wafanyabiashara wengine wakayachanganya na dizeli, mpaka mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya iondoke. Lakini dizeli ya vidumu, isiyojulikana ilikotoka, bado inauzwa barabarani. Sisi tunaona ni afadhali kwenda mbali kununua kituoni na kuomba risiti.

Fungueni skrubu ya chini ya filta kila wiki, mkinge mafuta kidogo katika chupa safi ya kioo. Iacheni itulie. Maji ni mazito kuliko dizeli, yatakaa chini na mtaona mstari. Jazeni tangi jioni baada ya kazi, msingoje asubuhi. Tangi tupu usiku hushika umande ndani. Pipa la dizeli likiletwa liacheni litulie siku nzima, kisha vuteni mafuta ya juu, yale ya chini kabisa myaache. Wala msiweke dizeli katika vyombo vya mabati yenye zinki, kwa sababu dizeli na zinki hazipatani, na taka zake huziba filta.

Na mafuta msiyavute kwa mdomo. Tunajua wengi mmezoea. Dizeli kidogo ikiingia mapafuni inaweza kumwua mtu mzima, sembuse kijana mnayemtuma afanye kazi hiyo. Nunueni pampu ya mkono. Aliyemeza asilazimishwe kutapika, apelekwe zahanati.

MASWALI

Ndugu mmoja aliuliza: kama injini inawaka lakini inatetemeka kama imekosa silinda moja, tufanyeje? Kwa injini ya zamani, iache izunguke polepole, kisha legeza nati ya kibomba cha nozeli moja tu, usikilize, uikaze, uende kwenye inayofuata. Nozeli nzima ukiilegeza, injini itabadilika sauti na kutetemeka zaidi. Ukifika kwenye ambayo haibadilishi kitu, hiyo ndiyo iliyolala. Pengine nozeli imeziba, pengine silinda ina ubaya mwingine. Andika namba yake, ukianzia mbele kwenye rejeta, na umpelekee fundi mwenye mashine ya kupima nozeli. Usiichokonoe kwa waya. Matundu yake ni madogo mno, na ukishayapanua ukungu unageuka matone.

Mama mmoja aliuliza: filta ikiziba, hatuwezi kuiosha kwa petroli tukairudisha? Hapana, mama. Filta ya karatasi haioshwi. Ukiiosha, uchafu unahamia upande wa ndani na kwenda moja kwa moja kwenye pampu kubwa. Bei ya filta na bei ya pampu hazikaribiani hata kidogo. Kuweni na filta moja mpya stoo wakati wote, pamoja na washa za kopa na klipu mbili tatu. Na tarehe ya kuibadilisha iandikwe daftarini pamoja na saa za kazi zinazosomeka kwenye geji ya trekta.

Swali la mwisho lilihusu daftari lenyewe: nani aliandike? Tunashauri dereva aandike saa na eka, na katibu aandike lita na fedha, kila mmoja kwa mkono wake. Hesabu mbili zisipolingana, mtajua mapema kama mafuta yanavuja kwenye mpira au yanavuja kwa njia nyingine. Alhamisi tutakutana saa 9 alasiri kwenye stoo ya kikundi tutoe upepo kwa vitendo. Leteni vitambaa safi visivyotoa nyuzi, kidumu kilichooshwa na kukauka, na daftari.